Mzee Gwakisa wa Meza ya Kura

Mzee Gwakisa alikufa Januari mwaka 2024, na sisi Waswahili wa Germantown, jimbo la Maryland huku Marekani, tulipata habari siku ya nne. Siku ya nne! Sisi ambao mtu akivunjika kidole cha mguu kule Columbia, kufika adhuhuri pilau limeshapikwa na zamu za kumtembelea zimeshapangwa. Hatukujua kwa sababu Mzee hakuwemo kwenye kundi letu la WhatsApp, na hakuwemo kwa sababu alitolewa. Aliyemtoa ni mimi, Honorata, mama Anitha, kwa kidole hikihiki. Naeleza mwenyewe alikuwa mtu gani, maana akieleza mwingine atanionea huruma na kunipunguzia makosa.

Alizaliwa Tukuyu. Washington alikuja kama dereva wa ubalozi, mkataba ukaisha, yeye na mkewe Sekela wakabaki, wakapata makaratasi. Baada ya hapo aliendesha basi la shule, lile la manjano, kwa miaka ishirini na miwili. Watoto wetu karibu wote walipita kwenye basi lake, na hata walipoota ndevu, akiwaona aliwauliza kama wamefunga mkanda. Yeye na Sekela hawakujaliwa mtoto. Benadetha, binti wa rafiki yangu Flaviana, ndiye waliyemsimamia ubatizo, na kwao alikuwa mtoto kweli, si wa heshima tu. Sare za shule, meno yalipong'oka, mahafali, mambo yote hayo Mzee alikuwapo na kamera yake.

Sekela alipofariki mwaka 2016, tulidhani Mzee atajifungia ndani. Badala yake alikwenda kuomba kazi ya kusimamia kura. Kituo chetu kiko kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya msingi, hatua chache kutoka kwenye nyumba zetu za kupanga. Siku ya uchaguzi Mzee alikuwa pale kabla hakujapambazuka, kavaa tai, chupa yake ya chai ya tangawizi iko chini ya kiti. Kazi yake ilikuwa meza ya daftari: unataja jina lako, siku na mwezi uliozaliwa, mahali unapokaa, yeye anakutafuta, anakupa karatasi.

Kazi ndogo, utasema. Basi hujawahi kuitwa "Honoreta", "Hanarada" na "ma'am" kwa miaka kumi na mitano. Siku yangu ya kwanza kupiga kura niliposogea mezani pake alisimama, akanipa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kanisani, "Honorata Alois Ngowi. Raia. Karibu." Nilipiga kura yangu machozi yananitiririka, hata wino sikuuona vizuri. Na hakunifanyia mimi peke yangu. Kila mtu wetu aliyeapishwa uraia, Mzee alimsubiri pale.

Halafu kulikuwa na Bibi Sikujua, mama mtu mzima aliyekuja kama mkimbizi kutoka Uvira, Kongo. Wakimbizi wengi huko kambini waliandikiwa tarehe moja ya kuzaliwa, Januari mosi, kwa kuwa karani hakuwa na muda wa kusikiliza habari za mwaka wa mafuriko. Bibi Sikujua yeye anajua alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi, na hakubali kuambiwa vingine. Mara ya kwanza alipoulizwa siku ya kuzaliwa mbele ya mashine, alianza kueleza mavuno. Mzee alimngoja amalize, akamuuliza kwa upole, "Bibi, hiyo ni ya mama yako. Ya makaratasi je?" Bibi akacheka, akasema Januari mosi, akapiga kura. Tangu hapo kila uchaguzi alimwendea Mzee tu, hata foleni ya pembeni iwe tupu.

Sasa nieleze siasa zetu, ndiyo tuelewane. Eneo letu hupiga kura upande mmoja. Kati ya watu kumi, wanane ni Demokrati, na hao wawili waliobaki hawaweki hata kibao cha mgombea wao kwenye bustani. Kwa hiyo Novemba kwetu haina presha. Presha iko kwenye kura za mchujo, chama kinapochagua mtu wake, maana huyo akipita mchujo ameshapita. Na kwa Maryland mchujo ni wa wenye chama. Demokrati anapewa karatasi ya Demokrati, Republikan ya Republikan, huwezi kuchungulia ya mwenzio.

Mwaka 2022 Benadetha akagombea. Baraza la kaunti, wilaya yetu, mchujo wa Demokrati. Mtoto wetu! Flaviana alifunga na kusali, mimi nikajitolea kugonga milango. Tuliunda kikosi nyumbani kwangu, na Kamande, kijana Mkenya mwenye duka la kinyozi pale karibu na stesheni ya treni, ndiye aliyekuwa na gari la kubeba vipeperushi. Tukapewa orodha ya wapiga kura wa chama chetu, nyumba kwa nyumba, majina na umri.

Jumamosi moja ya Juni nilikuwa mezani jikoni na orodha ya mtaa wangu. Nikafika nyumba ya Mzee Gwakisa. Jina halimo. Nikafikiri wamekosea, nikamwomba Kamande atazame kwenye lile daftari kubwa la watu wote, lenye vyama vyao, kwenye kompyuta yake. Kamande akaandika, akageuza kompyuta nione.

"Mama Anitha," akasema, "mzee wetu ni Republikan."

Jikoni tulikuwa watu saba. Flaviana alikuwa anakata vitunguu, kisu kikasimama. Mtu mwingine angesema tumuulize kwanza, na kusema kweli Flaviana alisema hivyohivyo: "Tumuulize jamani." Mimi ndiye niliyewaka. Mimi mdomo wangu huwa unatangulia, mama yangu aliniambia tangu nikiwa mdogo. Nikasema huyu mtu amekaa kwetu miaka yote hii, amekula kwetu, amembeba Benadetha mgongoni, kumbe moyo wake uko kwa wale wanaotaka turudishwe tulikotoka. Nikasema anatukodolea macho pale mezani anajua nani kaja nani hakuja, labda anawapelekea wale majina yetu. Hilo la mwisho nililitunga palepale. Kufikia jioni lilikuwa limeshafika mji wa Rockville kama kitu kilichothibitishwa.

Nilimpigia simu, hilo nilifanya. Nikamuuliza, "Mzee, ni kweli wewe ni Republikan?"

Akasema, "Ni kweli nimeandikishwa hivyo, mwanangu."

"Na Benadetha hutampigia?"

"Sitapewa karatasi yenye jina lake."

"Kwa nini?"

"Mimi ni mtu wa meza, Mama Anitha. Mtu wa meza hazungumzi anampenda nani."

Nikakata simu. Kwangu mimi hayo yalikuwa majibu ya mtu aliyeshikwa. Nikafungua kundi, lile tulilotangaziana misiba na harusi na nani ana kitanda cha mtoto cha kugawa, nikatafuta jina lake, nikamtoa. Hakuna aliyepinga. Kamande akaweka alama ya kidole gumba, ya kukubali.

Mchujo ulikuwa Julai. Walihesabu kwa wiki nzima na zaidi, kura za posta zikichelewa, na mwishowe Benadetha akashindwa kwa kura kumi na moja. Kura kumi na moja wilaya nzima. Kura moja ya Mzee haifiki kumi na moja, mtoto wa chekechea anajua, lakini jioni ile sebuleni kwa Flaviana tulikuwa tunatafuta mtu wa kumtupia lawama, na mtu tulikuwa naye tayari. Benadetha mwenyewe alipanda ghorofani, na baada ya mwezi akahamia Columbia kikazi.

Novemba hiyo nilikwenda kupiga kura. Mzee alikuwa pale, tai ya bluu, chupa chini ya kiti. Alikuwa amekonda. Watu wetu wengine walipiga kwa posta kusudi wasimwone, na wachache tuliokuja tulijipanga foleni ya dada wa Kizungu, ikawa ndefu mpaka mlangoni, na mbele yake Mzee hakukuwa na mtu isipokuwa Bibi Sikujua, ambaye hana simu ya kuingia kundi lolote. Dada yule alilitafuta jina langu mara tatu asilipate. Mzee akainua macho, akasema taratibu, "Karibu, Mama Anitha." Sikumwitikia. Nikaugeuzia ukuta uso wangu, nikamtajia yule dada herufi moja moja. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilimwona Mzee Gwakisa akiwa hai.

Kumbe figo zilikuwa zimeshaanza kumsumbua. Mwaka mzima alikuwa anajiendesha mwenyewe kwenda kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, na kujirudisha, na ile kurudi ndiyo mbaya, mtu anatoka pale miguu haina nguvu. Mimi ni msaidizi wa wagonjwa majumbani. Nawapeleka watu baki hukohuko kwa mshahara. Nyumba yake na yangu kuna miti mitatu katikati. Niliona gari lake likitoka alfajiri, na nilisema moyoni, mwache aende kwa Warepublikan wake.

Aliyetuletea habari ni mtu tuliyemfahamu kwa sura tu, Dakarai, Mmarekani mweusi wa makamo, mwalimu mstaafu. Alijifunza Kiswahili chuoni zamani, na alikuwa anasimamia kituo chetu pamoja na Mzee. Aligonga mlango wangu Jumapili ile ya Januari, kavaa koti jeusi.

"Hodi," akasema. "Samahani kwa kuwasumbua. Mimi ni Dakarai. Bwana Gwakisa amefariki siku ya Jumatano. Hospitali walinipigia simu mimi. Nimekuja kuuliza, je, watu wake ni akina nani?"

Nikamwambia ndio sisi. Sijui nilipata wapi uso wa kusema hivyo. Nikampigia Flaviana, akaja na Benadetha aliyekuwa kwao wikendi ile, na Kamande akafunga duka. Tukaketi. Dakarai akakataa chai, kisha akaikubali.

Kamande ndiye aliyechokoza. "Lakini mzee alikuwa amejitenga, si unajua? Party yake ilikuwa ile ingine."

Dakarai akaweka kikombe chini. "Mimi ndiye niliyempa wazo hilo," akasema.

Akatueleza polepole, akitafuta maneno. Sheria inataka kila kituo kiwe na wasimamizi wa vyama vyote viwili, wakaribiane idadi, ili upande mmoja usije ukashika kura peke yake. Kwa eneo kama letu Demokrati wanaotaka kazi hiyo ni wengi mno, Republikan hawapatikani. Mwaka 2020 Mzee aliambiwa nafasi za Demokrati zimejaa, asubiri, huenda apelekwe kituo kingine, huenda asiitwe. Wasio na chama nao walikuwa na viti vichache, vilikuwa vimeshakaliwa. Dakarai akamwambia, kwa utani nusu, kuna njia moja tu ya kubaki kwenye meza ile.

"Alifikiri juma zima," Dakarai akasema. "Halafu akaniuliza, nisipokuwapo mimi, yule bibi wa Januari mosi atamwambia nani habari za mahindi? Akabadili chama."

Flaviana alikuwa ameshika kitambaa cha meza kwa mikono miwili.

"Siku ya mchujo," Dakarai akaendelea, "na sisi wasimamizi tunapiga kura palepale. Alipata karatasi yake. Akaniambia, leo binti yangu yumo kwenye karatasi za watu wetu wote ninaowapa, isipokuwa hii ya kwangu. Nikamwambia, waeleze watu wako. Akasema hapana. Akasema, nikianza kujitetea nitalazimika kusema nampenda nani, na yeye ni mgombea, watu watasema mzee wa meza alikuwa wake. Watazitilia shaka kura zake."

Benadetha aliinuka, akaenda kusimama mbele ya dirisha, akatugeuzia mgongo. "He came to my apartment," akasema. "After I lost. Nimeshashindwa, akaja mpaka kwangu Columbia na ndizi. Sikumfungulia. Niliona ni yeye kwenye ile camera ya mlango na sikumfungulia."

Mimi nilitamani mtu anitukane. Hakuna aliyenitukana. Flaviana aliniambia nipashe chai, nikaipasha.

Tulimzika vizuri, kama hilo lina maana. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye theluji. Nilimrudisha kwenye kundi siku ile, namba yake, ili tangazo la msiba limfikie naye. Ni upumbavu, najua. Alama ya kwamba ujumbe umepokelewa haikutokea, na haijatokea mpaka leo.

Novemba mwaka ule, uchaguzi mkuu, nilimpeleka Bibi Sikujua mwenyewe, nikamshika mkono mpaka mlangoni nikaenda kuegesha gari. Niliporudi alikuwa anatoka. Kijana wa mezani, mwenye adabu zake, alikuwa amemuuliza siku ya kuzaliwa, Bibi akaanza mahindi, kijana hakuelewa, akaita mwenzie, wakaja wawili na kompyuta, Bibi akaogopa. Kambini watu wawili wakikujia na makaratasi hujui utapelekwa wapi.

"Turudi, bibi," nikamwambia. "Nitakusemea."

"Hapana," akasema. "Muzee iko wapi? Mi sipigi bila Muzee."

Nikamwambia alikufa, bibi, nilikuambia. Akasema ndiyo, uliniambia. Akaingia garini akafunga mkanda. Matokeo ya kituo chetu yalipotoka niliyasoma kwa makini kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Upande ulikuwa uleule, nane kwa mbili. Ila waliojitokeza walikuwa wamepungua, na nikianza kuwahesabu waliokosekana najua nyumba zao, najua na watoto wao.

Mwaka jana nikaomba kazi ya meza. Mama mmoja wa ofisi ya uchaguzi akanipigia, mchangamfu, akafurahi kusikia nazungumza Kiswahili. Halafu akatazama kituo changu akaguna. Demokrati wamejaa. Wasio na chama wamejaa. Akasema, kama vile anaomba radhi, anachokosa ni Republikan tu.

Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri siku mbili, yeye Mzee alifikiri juma zima. Anitha alikuwa amekaa karibu nami nilipofungua fomu ya kubadili chama kwenye kompyuta. "Mom, are you serious?" akasema. "Watu watasema." Nikamwambia watasema, mimi ndiye niliyewafundisha. Nikaweka alama.

Mwezi uliopita, Machi hii ya 2026, mlango uligongwa. Benadetha anagombea tena. Alikuwa amesimama na Kamande, orodha mkononi, amevaa beji yake ya kampeni. Amekuwa mtu mzima. Akanikumbatia, akasema, "Mama, nimeanza na mtaa wako." Akapitisha kidole chini ya majina, akarudi juu, akapitisha tena. Kamande akachungulia begani kwake, kisha akaniangalia. Nikayatambua macho yale, yalikuwa yangu.

"Mama Anitha," Kamande akasema, "mbona jina lako halimo?"

Ningeweza kueleza yote. Nilikuwa nayo maneno, tena mimi maneno hayaniishi. Nikamtazama Benadetha, nikaona amekwishaelewa, amefunga orodha, amejiegemeza kwenye kizingiti.

"Mimi ni mtu wa meza," nikasema.

Benadetha akaketi chini pale kwenye ngazi yangu, na beji yake na vipeperushi vyake, akalia kama siku aliyoanguka kutoka kwenye basi la Mzee akiwa darasa la pili. Nikaketi naye. Kamande akabaki amesimama ameshika kofia.

Mchujo ni Juni. Nimeshanunua chupa ya chai. Benadetha amerudi kuishi kwa mama yake, kwa hiyo atakuja kwenye meza yangu, na nitasimama, nitalitaja jina lake lote bila kukosea, nitampa karatasi yenye jina hilohilo ndani. Yangu haitakuwa nalo. Na Bibi Sikujua nimeshamwendea mara nne kumwomba aje, nimemwambia nitamuuliza ya makaratasi. Hajanijibu bado.